Fungate ya kongosho: tuliyojifunza kuhusu kurudisha seli za insulini

Kliniki ya kisukari cha watoto ina swali lake moja linalorudi kila mwezi. Huulizwa wiki chache baada ya mtoto kuanza sindano. Mama anafungua daftari la sukari na kuonyesha namba kwa kidole: 5.2, 4.6, asubuhi ya leo 3.8. "Dokta, mbona inashuka hivi? Mwanangu amepona?" Mtoto huyo aliletwa juzijuzi tu akihema kwa nguvu, midomo imekauka, mashine ya kupimia sukari ikiandika tu kwamba imezidi kipimo. Leo anacheza mpira nje.

Hajapona. Ila anachokiona mama ni kitu cha kweli, na anayetaka kuelewa habari za kuotesha upya seli za insulini aanzie hapo. Kipindi hiki huitwa fungate. Siku kisukari aina ya kwanza kinapogundulika, kinga ya mwili imeshaua seli nyingi za beta, zile zinazotengeneza insulini kwenye kongosho, lakini haijazimaliza. Zilizobaki zimelemewa: sukari iliyokaa juu kwa wiki nyingi imezichosha mpaka zimeacha kutoa insulini, ingawa zi hai. Sindano inapozitua mzigo, zinaamka na kurudi kazini. Kwa hiyo kwenye fungate hakuna seli mpya iliyoota, ni zile za zamani zilizopumzika.

Kuna hesabu ya kujua kama mtoto yumo kwenye fungate. Chukua HbA1c yake, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, kwa asilimia, kisha ujumlishe na mara nne ya yuniti za insulini anazotumia kwa siku kwa kila kilo ya uzito. Jibu likiwa 9 au chini yake, bado yumo. Mtoto wa kilo 30 anayetumia yuniti 9 kwa siku anatumia 0.3 kwa kilo. HbA1c yake ikiwa 6.8, hesabu ni 6.8 kujumlisha 1.2, yaani 8.0: seli zake bado zinasaidia. Mwaka mmoja baadaye, akiwa na kilo 32, yuniti 26 na HbA1c ya 7.9, jibu linapita 11. Fungate imekwisha, na hakuna aliyekosea kitu.

Makosa ya kipindi hiki tumeyaona mara nyingi kiasi kwamba tunayasema kabla hayajatokea. Kubwa kuliko yote ni kuacha insulini kabisa. Mara nyingi kuna dawa ya majani iliyoanza kutumika wiki hiyohiyo, labda mlonge, mwarobaini au juisi ya karela aliyoileta bibi kwa upendo wote, na sukari ikashuka. Ingeshuka hata bila majani. Mtoto akiachishwa sindano, seli zile chache zinarudishiwa mzigo wote peke yake. Kinachofuata ni ketoni, yaani asidi inayojaa kwenye damu, kutapika, maumivu ya tumbo na pumzi nzito, na wengi hufikishwa hospitali wakidhaniwa wana malaria au nimonia. Sukari ikishuka chini ya 4 mara kwa mara, dozi hupunguzwa kwa asilimia 10 hadi 20 kwa kushauriana na kliniki, kisha hutazamwa siku mbili tatu. Haifutwi.

Kosa la pili ni la sindano yenyewe. Bomba la yuniti 100 mara nyingi huwa na mistari ya yuniti mbilimbili. Mtoto aliyeshushwa mpaka yuniti 3 anamlazimu mama kukisia katikati ya mstari na mstari, na kosa la yuniti moja hapo ni theluthi ya dozi. Omba bomba la yuniti 30, lenye mistari ya yuniti moja au nusu. Ni kitu kidogo, na kimewaepusha watoto wengi na kuzimia usiku.

Kwa nini tunazing'ang'ania seli hizi chache? Kwa sababu hata zikitoa insulini kidogo tu, sukari haiyumbi sana, haishuki ghafla, na macho na figo hukaa salama kwa muda mrefu zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliolinganisha matibabu makini na ya kawaida ulionyesha pia kwamba waliodhibiti sukari vizuri tangu mapema walibaki na insulini yao wenyewe kwa muda mrefu zaidi. Na seli hizi ni sugu kuliko tulivyofundishwa zamani. Kituo cha Joslin, Boston, kimewafuatilia watu walioishi na kisukari aina ya kwanza kwa miaka 50 na zaidi, na makongosho yaliyochunguzwa baada ya baadhi yao kufariki yalikutwa bado na seli za beta. Nusu karne ya mashambulizi, na bado zimo.

Zipo dawa za kurefusha fungate au kuichelewesha siku ya kuugua. Teplizumabu, inayotuliza seli T, askari wa kinga wanaoshambulia seli za beta, iliidhinishwa Marekani Novemba 2022 kwa watu wa miaka 8 na zaidi ambao wana kingamwili, alama za damuni kwamba kinga imeanza kushambulia kongosho, na sukari iliyoanza kuyumba lakini hawajafikia hatua ya kuhitaji sindano. Hutolewa kwa dripu siku 14 mfululizo, na kwenye jaribio la watu wa aina hiyo ilichelewesha ugonjwa kwa miaka miwili hivi. Baricitinibu, kidonge cha baridi yabisi, kilijaribiwa Melbourne kwa wagonjwa wapya 91, miligramu 4 kwa siku kwa wiki 48, na waliokitumia walihifadhi insulini yao zaidi ya wenzao. Hata verapamili, dawa ya zamani ya presha, iliwaacha watoto wakiwa na insulini yao zaidi kwa asilimia 30 hivi baada ya mwaka. Tafadhali usiende kuinunua duka la dawa: hugusa mapigo ya moyo, na kwenye utafiti watoto walipimwa moyo kabla na baada ya kuanza.

Zote hizo ni za kulinda kilichopo. Kuotesha upya ni kazi nyingine, na kwa binadamu ni ngumu kwa sababu inayoeleweka. Seli za beta hugawanyika kwa wingi katika miaka ya mwanzo ya maisha, kisha karibu zinaacha. Panya wa maabara si hivyo, za kwake huchochewa kwa urahisi. Ndiyo maana panya ametangazwa kuponywa kisukari mara nyingi mno huku binadamu akiendelea kusubiri. Andrew Stewart na wenzake wa Mount Sinai, New York, walionyesha mwaka 2015 kwamba hamini, kemikali inayopatikana kwenye mimea fulani, hufungua breki iitwayo DYRK1A na kuziruhusu seli za beta za binadamu kugawanyika. Wakichanganya na dawa za kisukari za kundi la GLP-1, seli za binadamu zilizopandikizwa ndani ya panya ziliongezeka mara kadhaa. Tatizo ni kwamba breki hiyo ipo kwenye viungo vingi vya mwili, na hamini huingia pia kwenye ubongo.

Njia nyingine ni kuzigeuza jirani zake, seli za alfa zinazotoa glukagoni, homoni ya kupandisha sukari, ziwe za beta. Hapa kuna jambo linalotugusa huku kwetu. Mwaka 2017 ilichapishwa kwamba dawa za jamii ya artemisini, zilezile zilizomo kwenye dawa mseto ya malaria, huzigeuza seli za alfa kuwa za beta. Habari ilisambaa haraka, na wapo walioanza kunywa chai ya pakanga, mmea wenye artemisini, kwa ajili ya kisukari. Mwaka uliofuata watafiti wa California walirudia jaribio kwa panya ambao seli zao za alfa zilikuwa zimewekewa alama isiyofutika, ili seli ikigeuka ijulikane ilikotoka. Hawakuona mgeuko. Anayekunywa pakanga ili kongosho lake liote upya anategemea kitu ambacho hakikuthibitika, na anawazoesha vimelea vya malaria dawa tunayoihitaji sana.

Ikiwa kuotesha ndani ya mwili kumekwama, kilichobaki ni kupandikiza. Kongosho la mtu mzima lina uzito wa karibu gramu 100. Vijisiwa vya Langerhans, vishada vidogo vya seli ambamo zimo za beta, alivyovieleza Paul Langerhans mwaka 1869, ni kama milioni moja lakini vyote pamoja ni gramu moja au mbili tu. Kuvitoa humo vikiwa hai ni kazi ya mikono inayohitaji macho makali. Kongosho la mtu aliyefariki hufika likiwa kwenye barafu, na kila saa inayopita inaua vijisiwa. Kimeng'enya kiitwacho kolajenasi husukumwa kupitia mrija mkuu wa kongosho mpaka nyama ivimbe. Kisha hukatwa vipande na kuingizwa kwenye chumba cha chuma kilichobuniwa na Camillo Ricordi, chenye gololi za chuma ndani, kikatikiswa kwenye joto la nyuzi 37. Kila baada ya dakika chache mtaalamu huchota tone, hulitia rangi ya ditizoni na kulitazama kwa hadubini. Ditizoni hushika madini ya zinki, na insulini huhifadhiwa pamoja na zinki, kwa hiyo vijisiwa huwa vyekundu huku nyama nyingine ikibaki na rangi yake. Mtaalamu anasubiri kuona vile vyekundu vikiwa vimevuliwa nyama ya pembeni. Ukisimamisha mapema, vinabaki vimefungwa ndani ya nyama. Ukichelewa, kimeng'enya kinavipasua. Dakika kumi zinaweza kupoteza kongosho zima.

Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji vijisiwa karibu 600,000 vya kipimo sanifu ili aweze kuacha sindano, na kongosho moja mara nyingi halifikishi. Mwaka 2000 James Shapiro na wenzake wa Edmonton, Kanada, walitangaza wagonjwa saba walioacha insulini. Siri yao ilikuwa mbili: vijisiwa vya kutosha kutoka kwa watoaji zaidi ya mmoja, na dawa za kushusha kinga zisizo na steroidi, kwa sababu steroidi zenyewe hupandisha sukari. Vijisiwa vilimiminwa kwa mrija kwenye mshipa mkubwa unaoingia ini, vikaota humo. Wengine wengi walitibiwa hivyo huko Edmonton baadaye, na baada ya miaka mitano ni mmoja tu kati ya kumi hivi aliyekuwa bado hatumii insulini kabisa. Wengi wao hata hivyo waliendelea kutengeneza kiasi, na hatari ya kuzimia kwa sukari kushuka iliwaondokea. Kwa aliyewahi kumkuta mtoto wake amezimia kitandani alfajiri, hilo peke yake si dogo.

Vijisiwa hupotea kwa sababu kadhaa. Vikigusa damu moja kwa moja, damu huganda juu yake na kinga ya haraka huvivamia, na sehemu kubwa hufa katika saa na siku za mwanzo. Vilivyopona hukaa siku kadhaa bila mishipa ya damu ya kwake, vikivuta hewa inayopenya tu kutoka pembeni, na seli ya beta inahitaji oksijeni nyingi. Kisha takrolimasi, dawa inayovilinda dhidi ya kukataliwa, ni sumu kwa vijisiwa na kwa figo pia.

Uhaba wa makongosho ulianza kupata jibu mwaka 2014, maabara ya Douglas Melton ya Harvard ilipotengeneza seli za beta kutoka kwenye seli shina, seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingi. Kazi hiyo huchukua wiki tano hivi kwenye chupa zinazozungushwa polepole. Seli hupitishwa hatua zilezile anazopitia mtoto tumboni: kwanza ziwe za utumbo, kisha za kongosho changa, mwisho za insulini, kila hatua na kemikali zake kwa siku zake. Hatua ikifupishwa zinatoka seli zinazotoa insulini na glukagoni kwa pamoja, zisizosikiliza sukari. Nyingine hupotoka njiani zikawa seli za utumbo zinazotoa serotonini. Inayoogopwa zaidi ni seli shina iliyobaki bila kugeuka, maana inaweza kuota uvimbe.

Matokeo ya mwaka 2025 yalitufurahisha kweli. Kampuni ya Vertex ilitoa taarifa ya zimisleseli, tiba yake ya seli zilizotengenezwa kutoka kwenye seli shina: watu 12 waliopewa dozi kamili, seli milioni 800 kwa mara moja kupitia mshipa wa ini. Baada ya mwaka, 10 kati yao hawakuwa wakitumia insulini, na wote 12 HbA1c ilikuwa chini ya 7. Hawakuacha sindano siku ya kupandikizwa. Walipunguziwa hatua kwa hatua kwa miezi, seli zikiachwa zikomae bila kulemewa, kama tunavyofanya na mtoto wa fungate. Habari nyingi hazikusema kwamba walimeza dawa za kushusha kinga muda wote, na kwamba kwenye utafiti huo mtu mmoja alifariki kwa homa ya uti wa mgongo ya kuvu, ugonjwa unaopenda waliopungukiwa kinga. Mwanamke wa Tianjin, China, ambaye kikundi cha Deng Hongkui kilitangaza mwaka 2024 kwamba ameacha insulini siku 75 baada ya kupandikizwa chini ya misuli ya tumbo seli zilizotengenezwa kutoka mwilini mwake, naye alikuwa tayari kwenye dawa hizo kwa sababu ya ini alilopandikizwa zamani. Kwa hiyo bado hatujui kama seli zake mwenyewe zingesalimika bila dawa, maana kinga, adui wa kisukari hiki, haiui seli kwa ugeni wake. Inaua seli ya beta kwa kuwa ni seli ya beta.

Hapo ndipo kazi ilipo sasa. Kutengeneza seli kumewezekana, kuzificha ndiko kugumu. Walijaribu kuzifungia kwenye vifuko vyenye vitundu vidogo: mwili ukavizungushia kovu, hewa ikakata, na Vertex yenyewe iliachana na kifuko chake mwaka 2025. Jaribio la Uppsala, Sweden, lililochapishwa mwaka huohuo pamoja na kampuni ya Sana, lilichukua njia nyingine. Vijisiwa vya mtoaji vilihaririwa jeni mbili ili visionyeshe vitambulisho vinavyosomwa na seli T, kisha vikaongezewa CD47, alama inayowaambia askari wengine wa kinga "usinile". Vilidungwa kwenye misuli ya kigasha cha mwanamume wa miaka 42, bila dawa yoyote ya kushusha kinga. Uhariri haukuwa kamili, na hilo likatoa somo zuri. Seli ambazo hazikuhaririwa ziliuawa. Zilizokosa vitambulisho lakini hazina CD47 nazo ziliuawa, kwa kuwa wapo askari wanaomshuku asiye na kitambulisho. Zilizohaririwa kikamilifu zilibaki, na wiki 12 baadaye zilikuwa zikitoa insulini. Dozi ilikuwa ndogo, na mwanamume huyo bado anajidunga. Hata hivyo ni mara ya kwanza tunaona seli za mtu mwingine zikiishi hivi kwa mgonjwa wa kisukari bila kinga yake kushushwa.

Kila mara habari mpya inapotangazwa, au mtu anapoleta karatasi ya kituo kinachouza "tiba ya seli shina", tunaomba namba moja: C-peptidi. Mwili unapotengeneza insulini, hukata kipande hiki na kukitoa kwenye damu kwa idadi sawa na insulini. Insulini ya sindano haina. Sukari inaweza kuwa nzuri kwa sababu ya lishe, sindano au fungate, lakini C-peptidi haina njia ya kutoka ila kwenye seli ya beta iliyo hai. Ipimwe ndani ya saa tano baada ya chakula, pamoja na sukari ya wakati uleule, kwa sababu sukari ikiwa chini hata kongosho zima hunyamaza. Chini ya pikomoli 200 kwa lita ni kawaida ya aina ya kwanza, juu ya 600 huelekea aina ya pili. Maabara nyingine huandika kwa nanogramu kwa mililita: 0.6 na 1.8. Figo zikiwa zimechoka, jibu linapanda kwa uongo. Na damu isiachwe dirishani kwenye mrija wa kawaida ikisubiri gari la sampuli: C-peptidi huharibika, jibu likarudi chini kuliko ukweli kwa mtu mwenye seli. Mrija wa kizibo cha zambarau, wenye EDTA, huitunza kwa saa 24.

Kwetu Afrika kuna swali linalotangulia yote hayo. Mwaka 2025 watafiti wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini walitoa matokeo ya vijana karibu 900 waliotibiwa kama wagonjwa wa aina ya kwanza, na takriban 65 kati ya kila 100 hawakuwa na kingamwili za ugonjwa huo. Wanahitaji insulini kama wenzao, ila huenda kinga haikuwa mwuaji. Teplizumabu haitakuwa na la kuwasaidia. Kwa upande wa seli za kupandikiza huenda mambo yakawa mepesi: seli zilizotengenezwa kutoka mwilini mwao hazingekuta jeshi likizisubiri. Majaribio makubwa tuliyoyataja yalifanyika mbali na watoto hawa, na ni haki yao kuhesabiwa.

Ili wahesabiwe, kipimo kifanyike mapema. Kingamwili hufifia kadiri miaka inavyokwenda, na zile za insulini huwa hazina maana tena mtoto akishajidunga zaidi ya wiki mbili, kwa sababu sindano yenyewe huzileta. Mtoto mpya akifika, damu ya kingamwili ichukuliwe wiki hiyohiyo kama maabara ya rufaa inaweza kuipokea. Na kwenye fomu, chini ya jina na uzito, pawe na tarehe ya sindano yake ya kwanza kabisa.